Mawe ya Kijani Nyuma ya Tanki ya Mayi

Tube ya mbegu ya nyani haibebwe ku mukono. Mwe batoto benye munaanza kazi ya labo, kama mutasahau bingine byote, mukumbuke ile. Mukono inapoa, mukono inatetemeka, na mutu akikusalimia mu njia utaiinua mbele ya kufikiri. Mi nilikuwa nabeba tube mu soutien, kanguo ka kushikilia mabele, upande ya kushoto, imefungwa mu kipande ya kikwembe. Pale moto iko sawa na moto ya mwili, haizidi, haipunguki, courant ya umeme ikuwe ao isikuwe. Na vile courant yetu iko, munajua.

Kutoka ku cage ya nyani mupaka ku labo nilikuwa natembea pole pole, mukono moya juu ya kifua. Siku moya mama moya wa ku kanisa aliniona ku lupango, mu uwanja ya station.

— Mama Béa, kila siku uko nashika kifua. Roho iko nakuuma?

— Hapana, mama. Niko nabeba baba ya nyani.

Alicheka mupaka akaikala mu majani. Siku ya Mungu yenye ilifuata, chorale yote ilijua, na mutu wa sauti ya tatu aliniuliza kama baba eko muzima.

Kazi yenyewe nitaeleza mbio, juu mi sipendi maelezo murefu, hata leo na mvi ku kichwa. Station yetu ilikuwa ku barabara ya kwenda Tenke, nyuma ya kilima ya udongo yenye mine, mugodi ya shaba, inatupa. Tulikuwa na nyani, ile ya kwetu, ya kidogo, ya manjano, yenye balimaji ba mashamba ya muhindi banailaani. Batoto yake bengine banazaliwa beupe kama pamba. Mukubwa wa station, Munganga Célestin, mutoto wa Lubumbashi mwenye alisomea mbali, alikuwa na ulizo moya tu: juu ya nini huyu anazaliwa mwanaume, na huyu mwanamuke?

Mbegu ya baba iko namna mbili. Moya inabeba mwanamuke, ingine inabeba mwanaume. Tulikuwa tunaweka dawa ya rangi: ile ya mwanamuke inawaka nyekundu, ile ya mwanaume inawaka buluu. Mi naikala ku mikroskope, nahesabu na kamashini ka kubonyeza, tiki, tiki, tiki, mupaka macho inatoka machozi. Kisha tunalinganisha na batoto benye banazaliwa ku cage, banaume bangapi, banamuke bangapi. Kuhesabu mbegu ilikuwa kazi yangu. Kuandika batoto ilikuwa kazi ya Tata Mwepu.

Tata Mwepu alitoka upande ya Kabongo. Mbele ya kuchunga nyani alikuwa mutu wa kuchagua mawe ku mine. Ulikuwa unamuonyesha jiwe, anailamba, anakuambia iko na nini ndani. Masomo yake iliishia mu primaire, lakini buku yake ya kuzaliwa ilikuwa safi kuliko yetu yote. Alikuwa ameifunika na plastike ya mufuko ya sukari, na hakuna mutu alikuwa anaigusa bila kunawa mikono.

Mi nilifika na diplome ya biochimie, miaka makumi mbili na moya, na kaye yenye nilikuwa naandika kila mangaribi. Ile kaye niko nayo hapa ku magoti. Ukurasa ya kwanza inasema: «Hapa banapoteza wakati sana. Nitabaonyesha vile banafanya kazi.»

Siku ya mbili tu, Madame akazala. Madame alikuwa nyani mwenye kiburi, mwenye kukalia mutungi ya chakula mupaka yeye ashibe. Nilichungulia mu bifimbo bya chuma, nikakimbia.

— Tata! Ni mwanaume! Andika!

— Umeona nini?

— Ile… kitu ya mwanaume. Inaninginia.

— Inaninginia wapi?

— Mbele, pale ku tumbo.

Tata Mwepu aliniangalia.

— We uko na bwana ku nyumba?

— Eyo, Tata.

— Na yake iko ku tumbo?

Mupishi wa ku jiko, mama muzima, alitoa kilemba akafunika uso na kucheka.

— Ile ni kitovu, mwanangu. Kitovu inadanganya. Mbele haijaanguka, usiandike kitu.

Alingoja siku ine. Kisha aliniita, akanipa karanga.

— Mupe mama ku mikono yote mbili. Si moya, mbili. Akipata ku mukono moya, ule mwingine utabakia unashika mutoto. Sasa angalia mu kioo.

Alikuwa ameweka kipande ya kioo chini ya cage, kimelala kidogo. Madame akafungua mikono yote juu ya karanga, mutoto akaninginia ku manyoya, na ndani ya kioo niliona vile iko. Mwanamuke. Kama ilikuwa mi mwenye kuandika, buku ingebeba uongo.

Ile njo ilikuwa sheria yake: hauandike mutoto mbele ya kitovu kuanguka. Mi nilidhani ni juu ya macho tu. Ilikuwa juu ya macho, kweli. Lakini haikuwa juu ya macho peke yake, na mi sikuuliza. Mutu mwenye haraka anachukua sababu ya kwanza yenye anapewa.

Byenye nilijifunza mu ile miaka ya kwanza, nilijifunza kwa kusikia haya. Mbegu ya nyani ikitoka haiko mayi, inashikana kama bukari, ugali ya jana yenye imelala. Inaomba kungoja mu mayi ya moto kidogo mupaka ijifungue yenyewe. Mi nilitikisa. Tata Mwepu alipita ku dirisha, akasimama.

— Béa, uko natwanga majani ya sombe?

Nilipoangalia ku mikroskope, zote zilikuwa zimekufa, mikia imevunjika. Mwanaume moya wa nyani, kazi ya juma moya, bure. Mu kaye niliandika: «Tube ilikuwa mubaya.» Tube haikuwa mubaya.

Sasa musikie vile ilifika. Nilikuwa nimeshaikala miaka tatu. Nilikuwa nimehesabu mbegu ya banaume bote ba station, na kila mara jibu ilikuwa moya: nusu nyekundu, nusu buluu, inasogea kidogo huku ao kule, lakini nusu. Na buku ya Tata Mwepu ilikuwa inasema kitu ingine. Mu buku, banamuke balikuwa bengi kupita banaume. Bengi vya kuonekana, haikuwa vya kutafuta.

Munganga Célestin alikuwa anatembea mu labo kama mutu mwenye amekunywa.

— Unaona, Béa? Baba analeta nusu kwa nusu. Mu kuzaliwa, banamuke banapita. Donc mama njo anachagua! Tumbo iko nachagua!

Alikuwa ameitwa ku mukutano ya banganga, ngambo ya bahari, mwisho ya ule mwezi. Alikuwa ameandika karatasi yote, na juu yake, nyuma ya jina yake, jina yangu. Jina yangu! Mu kaye niliiandika mara tatu, kuona vile itaonekana.

Juma mbili mbele ya safari, mugongo ya Tata Mwepu ikakatala. Kila asubui yeye peke yake njo alikuwa anapita ku ma cage ya kwanza, mbele ya mutu yeyote kufika. Ile siku alinituma mi. Nilifika ku cage ya Kipara, nyani mama mwenye nywele ilikuwa imemutoka ku kichwa. Alikuwa amezala. Mutoto alikuwa mu mukono yake, kichwa inaenda huku, inaenda kule. Kipara alikuwa anamulamba uso, anamuweka ku bele anyonye, anamungoja. Mutoto alikuwa amekufa kama jana.

Nilichukua buku. Nilikuwa nimefungua kalamu ya Bic wakati Tata Mwepu alifika, anashika ukuta.

— Funga ile buku.

— Tata, kuko mutoto mwenye amekufa. Lazima niandike.

— Kitovu imeanguka?

— Hapana, lakini…

— Basi hakuna kitu ya kuandika. Kwetu mutoto mwenye anaenda na kitovu yake hajafika. Ba mama banamuzika benyewe, hakuna kilio, hakuna jina. Ni mayi yenye imemwangika. Funga.

Mi nilijua ile desturi. Mutu wa kwetu asiijue? Lakini ile siku nilifunga buku mbio, na sikutaka kujua juu ya nini.

Alimupa Kipara karanga ku mikono yote mbili. Alingoja muda murefu. Kipara akakula ya mukono ya kuume, ile ya kushoto akaacha. Mwisho akafungua. Tata Mwepu alimuchukua mutoto, akamuangalia katikati ya miguu, akamufunga mu kipande ya nguo, akaenda nyuma ya tanki ya mayi. Nilimufuata. Alichimba na mikono, akafunika, akatoa mu mufuko jiwe ya kijani, ile yenye inabeba shaba, akaiweka juu.

Pale chini kulikuwa mawe mengine ya kijani. Moya hapa. Nafasi. Mbili pale. Nafasi kubwa. Moya.

— Kijani ni nini, Tata?

— Mwanaume.

Hakusema kingine. Mugongo ilikuwa inamuuma, akaenda kulala ku kibanda ya gardien wa mulango. Na mi, badala ya kumufuata, nilihesabu. Mawe kumi na moya, yote kijani, mara mbili nilihesabu. Kisha nilikimbia ku labo.

— Munganga, nilisema, Tata Mwepu haandikake benye banakufa na kitovu! Na benye banakufa ni banaume bote! Banaume tupu!

Munganga Célestin aliikala. Aliniuliza nirudilie. Kisha alichukua karatasi yake na akaanza kukata mistari. Kama unaongeza bale banaume bote ku buku, hesabu inageuka: banaume sasa njo banapita mu kuzaliwa, na kifo inachukua bao tu. Ilikuwa kitu kubwa kupita ile ya kwanza. Aliandika mupaka saa ya chakula, mi napiga hesabu pembeni, tunacheka kama batoto ba masomo. Mu kaye: «Leo nimefanya kitu yenye muzee hakufanya miaka yote. Nimehesabu.»

Mangaribi alimuita Tata Mwepu. Hakumupigia makelele, lakini sauti yake ilikuwa ngumu.

— Tata, umeficha batoto miaka ngapi? Kazi yote ilikuwa juu ya ile buku!

Tata Mwepu alisimama na kofia mu mukono.

— Sikuficha, Munganga. Hakuna siku moya uliniuliza benye hawakufika.

— Sasa tunajua. Kumi na moya, banaume bote.

Tata Mwepu aligeuka akaniangalia mi, haikuwa Munganga.

— We njo ulihesabu?

— Eyo, Tata.

— Na banamuke beko wapi?

Niliinamia karatasi ya hesabu, nikatafuta. Yeye mwenyewe akajibu.

— Banamuke nilikuwa nabawekea jiwe nyeusi. Ile ya kobalti. Ulisahau mi nilikuwa mutu wa mawe? Mwaka ule kobalti ilipanda bei, ba maçon balikuya kutengeneza tanki. Balibeba zote, na tangu pale sijapata ingine. Kila jiwe nyeusi mu lupango, hata ile ya kushikilia mulango ya jiko. Ya kijani baliacha, lakini ingine ilipotea mu udongo yao, fasi tupu haisemi tena ni mwanaume ao mwanamuke. Haukuona nafasi?

Niliona nafasi. Njo hii nataka mushike, mwe batoto. Niliziona na macho yangu, nafasi katikati ya mawe, na hazikuniuliza kitu, juu nilikuwa nahesabu byenye viko. Kitu yenye iko inaonekana bure, mutu yeyote anaiona. Kazi ya mutu wa labo ni kuuliza fasi tupu.

Munganga aliweka Bic chini.

— Banamuke balikuwa bangapi, Tata?

— Sijui.

— Jaribu kukumbuka.

— Nilikuwa naweka jiwe juu nisibebe ku kichwa, Munganga. Nakumbuka ba mama. Naweza kukuambia kila mama. Mwanaume ao mwanamuke, naweza kukudanganya, na kukudanganya sitaki. Lakini kutoka mutoto mupaka mutoto niliacha mukono moya, kutoka kiwiko mupaka bidole. Kila mukono kuko mutu.

— Basi tunafukula. Kesho. Mufupa unaweza kusema mu labo ya mbali. Ba ouvrier, bafanyakazi ba lupango, batakuya na mapawo ya kuchimba.

Tata Mwepu alivaa kofia. Mu bureau ya mukubwa, alivaa kofia.

— Batoto benye hakuna mutu amebalilia, haubafukule. Kama munasema sasa ni batu ba kuhesabu, basi ni batu. Mutu analiliwa mbele, kisha anahesabiwa. Mukitaka kubahesabu, mubalilie. Kama hapana, pawo itapita juu yangu.

Na alienda akaikala nyuma ya tanki, ku udongo, na mugongo yake ile.

Munganga alisema safari iko karibu, ba ouvrier batamuondoa pole pole. Alisema tena: Béa, wewe anakusikilizaka, umuambie. Ile mangaribi niliandika: «Muzee anatuchelewesha na mambo ya zamani.» Ile maneno iko hapa, sikuifuta. Niliiacha ili inipatishe haya.

Asubui nilienda kumuambia. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Hakuningoja.

— Béa, uko na batoto bangapi?

— Moya, Tata. Mwanamuke. Unamujua.

— Moya.

— Eyo.

— Mwaka wenye umepita, ulikosa kazi siku ine. Siku ya tano ulirudia. Ulibeba tube kifuani, blouse yako ilikuwa imelowa upande ile ile. Munganga alidhani tube imevunjika, akakugombeza. Mi niliona ni mabele.

Sikumuangalia. Niliangalia tanki.

— Alifika siku ngapi?

— Tatu.

— Mwanaume?

— Mwanaume.

— Balikuambia ni mayi.

— Mama mukwe njo alisema. Yeye na ba shangazi balimubeba. Sijui fasi balimuweka. Siku ya tano balisema, amuka, enda ku kazi, usilie, ukilia mwenye atafuata atasikia.

Nyani zilikuwa zinapiga makelele ya chakula, hakuna mutu alikuwa amezipa.

— Mi nilifanya vile vile ku hii buku, alisema. Miaka yote. Nilidhani naheshimu. Sasa nauliza, nilikuwa naheshimu nani?

Nilisimama. Nilienda ku labo na nikamuambia Munganga: ile karatasi ni ya uongo. Haikuwa uongo yake, ilikuwa yangu. Nilihesabu mawe, sikuhesabu batoto. Nilimuomba afute jina yangu, ao afute karatasi.

— Béa, unajua unaniomba nini? Kama siende, watu wa kutoa chakula ya hii station watauliza tunafanya nini hapa.

— Najua.

— Nitabaambia nini?

— Utabaambia hatujamaliza kuhesabu.

Alikasirika. Alisema maneno yenye sitarudilia, juu baadaye alikuya kuomba samahani na mi nilikubali. Alitoka, akazunguka labo mara mbili, kisha nilimuona anaenda ku tanki. Aliikala chini karibu na Tata Mwepu, na suruali yake ya safi. Sikusikia byenye balisema. Ile safari hakuenda.

Kilio ilifanyika siku yenye ilifuata, asubui yote. Hatukujua vile banafanya, juu hakuna mutu alikuwa ameshafanya. Mupishi alileta mukeka. Ba ouvrier balivua kofia. Bamoya balikuwa nacheka pembeni, kulilia makako, nyani tu, ni mambo gani haya! Tata Mwepu hakubakemea. Alianza tu kuita, anapima na mukono yake, kiwiko mupaka bidole:

— Mutoto ya Madame, ya kwanza. Mutoto ya Kipara. Mutoto ya Kipara tena. Mutoto ya yule mwenye alikufa mu mvua kubwa…

Mbele afike katikati, mupishi alikuwa nalia sauti ya kweli, ile ya kutoka tumboni. Hakuniambia kitu. Lakini mama wa kwetu mwenye miaka yake, mutaniuliza alikuwa nalilia makako? Ouvrier moya, kijana mwenye misuli, alienda kusimama nyuma ya choo. Mi sikulia. Nilishika kaye na nilikuwa naandika kila mama mwenye anaitwa, juu mukono inapokuwa na kazi macho inabakia kavu.

Tulifukula na bijiko bya chai. Hatukugusa pawo. Mufupa ya nyani mwenye amezaliwa sasa iko kama mwiba ya samaki, ukienda mbio unaivunja na haukujua. Ile njo siku moya ya maisha yangu sikuenda mbio. Kila mutoto mu enveloppe yake, jina ya mama juu. Zilienda labo ya mbali, na tulingoja miezi mingi.

Jibu ilikuya. Bale batoto, banaume balikuwa bengi kupita banamuke. Hawakuwa bote, hata karibu na bote. Wawili mifupa yao haikujibu. Ukibaongeza ku buku, hesabu ya kuzaliwa ilikaa karibu ya nusu, sawa na mbegu yenye mi nilihesabu ku mikroskope. Hakuna tumbo yenye inachagua, ao kama inachagua, siye hatukuiona. Munganga Célestin alisoma, akarudilia kusoma, kisha akasema pole:

— Miaka yote tulikuwa tunaandika kazi ya kifo, tunaiita kazi ya tumbo.

Tata Mwepu aliuliza tu juu ya wale wawili.

— Benye hawakujibu mutabafanya nini?

— Tutabaacha pembeni, Tata.

— Hapana. Muandike vile iko: balikuwa, hatujui balikuwa nani.

Munganga aliandika vile. Buku ilipata mustari mupya, mukono ya Tata Mwepu njo iliichora na rula: benye hawakufika. Ku kila kuzaliwa, tangu ile siku, tulijaza, mutoto amekufa, hajakufa, kitovu iko, kitovu haiko. Na kioo chini ya cage kwa wote.

Karatasi kubwa haikutoka. Ilitoka ya kidogo, yenye inasema hakuna kitu ya ajabu, na jina yangu ilikuwa juu yake. Batu hawasomi karatasi ya vile. Station iliishi miaka mingi bado, na mwisho nyani zilihamishwa, fasi ile sasa mine imeikula. Tanki haiko. Tata Mwepu alikufa Kabongo kwao. Nilipata habari kilio ilikuwa imeshaisha.

Mi nilistaafu mwaka hii. Bingine byote nimebasomesha ba stagiaire, bale ba kujifunza kazi, benye balipita: moto ya tube, kungoja mbegu ijifungue, karanga ku mikono yote mbili. Hii sikumusomesha mutu, juu mi mwenyewe nilikuwa sijaifanya.

Juma lenye limepita nilienda ku santé, kupima tension ya damu. Kijana mwanamuke wa accueil, mwenye kupokea bagonjwa, alikuwa najaza fishi ya karatasi, anauliza mbio mbio, haangalii mutu, sawa mi zamani.

— Mama, umezala batoto bangapi?

Miaka yote, ku kila fishi, ku kanisa, ku karatasi ya kazi, nilisema bawili. Ile mwenye alifuata alikuya mwanamuke tena, muzima, eko Fungurume na bwana yake.

— Batatu, nilisema.

— Bote bazima?

— Bawili bazima. Moya ni mwanaume, katikati. Aliishi siku tatu.

Bic yake ilisimama. Nilidhani ataniuliza kitovu.

— Jina yake?

Fishi haikuwa na fasi ya jina ya batoto. Niliona, nilikuwa nasoma kichwa chini. Aliuliza tu, yeye mwenyewe.

— Mwepu.

Aliandika pembeni, ku ukingo ya karatasi, herufi kidogo. Kisha akasema, mama, pita pale, ikala, munganga atakuita.

Niliikala ku banc katikati ya batu. Mutu analiliwa mbele, kisha anahesabiwa, njo Tata Mwepu alisema. Mi, vile niko na haraka, nilianza na kuhesabu. Ile ingine ilinikuta pale ku banc, mbele ya bote, na sikuifunika na kilemba. Waliponiita ku tension, nilibaambia bangoje.